Nyota Moja ya Mtani

Siku Gwakisa alipomaliza kufunga kishikwambi kwenye kaunta ya Mapumziko, Nachingwea, lori la Stefano liliingia uani na magunia ya mahindi kutoka Songea. Mwanaima, msimamizi wa nyumba ile ya wageni, alisikia breki tu akajua ni nani. Aliacha mashuka aliyokuwa akikunja, akaenda kusimama mlangoni mikono kiunoni.

"Fungeni milango!" aliwapigia kelele wapishi. "Wezi wa mbuzi wamefika!"

Stefano alishuka polepole, mtu mzito mwenye shingo fupi, akajinyoosha mgongo na kumtazama Mwanaima kutoka juu hadi chini.

"Mateka wangu," alisema. "Kumbe bado uko hai? Nilisikia panya wamekwisha huku, nikajua mmekufa njaa wote."

"Panya wapo. Nilikuwekea mmoja, lakini nilipomtazama vizuri nikaona ana akili kukuzidi, nikamwachia."

Gwakisa alibaki ameshika bisibisi, hajui aingilie au akimbie. Alikuwa kijana wa Tukuyu aliyetoka chuo juzijuzi, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mwanaima aliona macho yake akacheka.

"Usiogope, mwanangu. Huyu ni Mngoni, mimi Mmwera. Babu zake waliwateka babu zetu, na sisi hatujamaliza kulipiza."

"Waliwateka kwa sababu waliwakuta wamelala mchana," alisema Stefano, akapita kwenda kuoga.

Baadaye, wakati wa chakula cha mchana, Mwanaima alimweleza Gwakisa kwamba mtani yule amekuwa akilala pale tangu nyumba ilipofunguliwa. Mume wa Mwanaima alipofariki, Stefano aliegesha lori lililojaa mizigo, akaja msibani. Jeneza lilipokuwa linatoka, alijilaza kizingitini akasema marehemu haendi popote mpaka alipiwe kuku wawili. Kisha akainuka, akaiga jinsi marehemu alivyokuwa akitembea huku suruali inamvuka.

"Nilikuwa sijafungua mdomo tangu jana yake," alisema Mwanaima. "Nilicheka, mwanangu. Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka. Ndipo nikaweza kunywa uji."

Gwakisa alisikiliza kwa makini. Alipenda habari za namna hii. Mama yake mwenyewe alifua mashuka ya nyumba ya wageni kule Tukuyu miaka mingi, na mwenye nyumba hakuwahi kulijua jina lake. Kampuni ya Dar es Salaam ilipomwajiri na kumwonyesha mfumo mpya, kitu cha kwanza kilichomgusa hakikuwa sehemu ya kuhifadhi vyumba wala hesabu za jikoni. Zilikuwa zile nyota. Mgeni akiondoka anagusa nyota, anaandika neno, na mtu aliye mbali kabisa anajua kwamba Nachingwea kuna mwanamke anayetandika kitanda vizuri. Gwakisa aliamini kwamba hilo lingekuwa jambo la haki, na aliamini kwa moyo wake wote.

Mapumziko ilikuwa na nyumba tatu, zote za Mzee Rashidy: moja Nachingwea, mbili Ruangwa. Gwakisa alipewa kazi ya kuhakikisha mfumo unasimama kote kabla msimu wa korosho haujapamba moto. Katika mkutano wa uzinduzi, Mzee Rashidy aliwaambia wasimamizi wake watatu kwamba kuanzia sasa hakuna kupendelea wala kuonea. Nyota zitasema. Kituo ambacho nyota zake zitakifanya kiwe cha kijani kwenye ramani ya simu, msimamizi wake ataongezewa mshahara. Kitakachokuwa chekundu mwisho wa mwezi, msimamizi wake atampisha mwingine. Wote watatu walipiga makofi, na Mwanaima alipiga kwa nguvu kuliko wenzake. Aliwajua wageni wake. Alijua wanavyomwagiza chai kutoka barabarani kwa simu, kabla hawajafika.

Tena hakuwa na pa kwenda pengine. Alikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile, yeye na binti yake Hajra, aliyekuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Shule ilikuwa upande wa pili wa barabara. Kwao Mwanaima ni Naipingo, ambako lilibaki shamba la mikorosho na nyumba ya marehemu mama yake iliyoanza kuinama.

Asubuhi iliyofuata Stefano alikuja kurudisha ufunguo. Gwakisa alimsogezea kishikwambi. Juu paliandikwa: Umeonaje huduma zetu? Chini palikuwa na nyota tano tupu, na chini ya nyota kisanduku: Tueleze kwa maneno yako mwenyewe.

"Kwa maneno yangu mwenyewe?" aliuliza Stefano.

"Ndiyo, kaka. Kama unavyoongea siku zote. Yanafika makao makuu."

"Makao makuu wapi?"

"Dar es Salaam."

"Aa! Basi ngoja Dar wanisikie."

Aligusa nyota moja. Kisha akaandika kwa kidole kimoja kinene, akitamka kila neno kwa sauti ili Mwanaima asikie: "Nimehudumiwa na mateka aliyetoroka kwa babu yangu. Chai ina ladha ya maji ya kunawia miguu. Nimetafuta panya wa kula, wenyeji wamewamaliza. Arudishwe Songea akachunge mbuzi."

Mwanaima alicheka mpaka akashika ukuta. Wapishi walitoka na miko mikononi wakataka kusomewa upya.

"Nyota moja!" alisema akijifuta machozi kwa kanga. "Hata hiyo moja umeitoa wapi, mchoyo wewe?"

"Nimekuonea huruma."

"Afadhali. Ungenipa tano, mji mzima ungesema tumegombana."

Gwakisa naye alicheka. Aliipiga picha kaunta ile, watu wote wakiwa wameacha midomo wazi kwa kicheko, akaituma kwenye kundi la kazi. Kwenye kioo ilitokea alama ya kijani: Asante, maoni yako yamepokelewa.

Kutoka hapo alikwenda Ruangwa. Nyumba mbili za kule hazikumsumbua. Wasimamizi walikuwa vijana waliotoka mikoa mingine, na wageni wengi walikuwa watu wa migodi, maofisa na wafanyabiashara wanaolala na kuondoka. Mgeni aligusa nyota nne au tano bila hata kutazama, kama anayefukuza nzi, akavuta begi lake. Hakuna aliyeandika neno. Ramani ya vituo kwenye simu ya Gwakisa ilionyesha vitone viwili vya kijani, na kila alipovitazama alijisikia kama mtu aliyepanda mbegu ikaota.

Kitone cha Nachingwea kilianza kuwa cha njano. Kisha kikawa chekundu.

Habari zilikuwa zimesambaa kati ya madereva kwamba pale Mapumziko sasa unaweza kumtukana Mwanaima na tusi likafika Dar. Minada ya korosho ilikuwa imeanza, malori yalijaa uani, na kila mwenye utani na Wamwera alitaka kumshinda mwenzake. Myao mmoja wa Tunduru aliandika kwamba msimamizi huwaroga wageni ili wasiondoke. Mngoni mwingine aliandika kwamba godoro alilolalia liliibwa makaburini. Mwanaima alisoma yote kwa sauti na kuyajibu papo hapo, na watu walianza kuja kaunta asubuhi kusikiliza tu. Walimu wapya na maofisa waliohamishiwa Nachingwea, ambao hawakuwa na utani naye, walimshika mkono wakamwambia asante kwa mdomo, wakaenda zao. Asante ya mdomo haikufika popote.

Simu ya Felomena ilimkuta Gwakisa mgahawani karibu na stendi ya Ruangwa. Felomena ndiye aliyesimamia mradi huo kutoka Dar.

"Gwakisa, Nachingwea kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada. Kuzuri. Kuliko hata huku."

"Nakusomea. 'Msimamizi ni mchawi.' 'Chakula ni panya.' 'Mateka.' Huyu mateka ni nani?"

Gwakisa alijikuta anatabasamu. "Ni utani, dada. Wangoni na Wamwera. Ile picha niliyotuma, wote wanacheka, ndiyo hiyo."

Felomena aliacha kusoma.

"Unafikiri mimi sina watani?" Felomena alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Nimeshajua tangu lile la mbuzi. Lakini picha haina pa kukaa kwenye ripoti."

"Basi tuwaambie wenye mfumo."

"Nimewaandikia. Wako mbali, hata barani huku hawako. Wamenijibu kwa adabu sana kwamba maoni ya mteja hayafutwi, kwa sababu wasimamizi wote duniani wakipata nyota moja husema mteja alikuwa anatania."

Gwakisa alisogeza sahani yake. Maharage yalikuwa yamepoa.

"Na Mzee Rashidy?"

"Mzee anaiona rangi kwenye simu yake, kama wewe na mimi."

Siku hiyo hiyo alirudi Nachingwea. Alimkuta Mwanaima anapiga pasi foronya, akamweleza moja kwa moja, kwa kuwa hakujua njia ya kuzunguka.

"Kwa hiyo Dar wameamini mimi ni mateka?" Mwanaima alianza kucheka. Kicheko hakikufika mbali. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika sauti ya Hajra akikariri sehemu za moyo wa binadamu, vali moja baada ya nyingine. Mwanaima alisimamisha pasi wima.

"Mwisho wa mwezi huu huu?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini watu hawa wananipenda, Gwakisa. Wewe si umeona?"

"Nimeona."

"Basi waambie umeona."

Alisema hivyo kama mtu anayemwomba mwenzake amsogezee chumvi, jambo dogo lisilo na uzito. Gwakisa alitazama chini. Katika mfumo mzima hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba yeye ameona.

Stefano alirudi kutoka bandarini Mtwara siku mbili baadaye, akaingia akipiga mluzi na kuuliza kama mateka amekwisha kuuzwa. Gwakisa alimweleza. Dereva yule alivua kofia, akakaa kwenye benchi la mapokezi ambalo siku zote alikuwa akisema limetengenezwa kwa mbao za choo.

"Nifute," alisema.

"Hayafutiki, kaka."

"Mimi ndiye niliyeandika! Maneno ni yangu. Nimeyarudisha."

"Ukishatuma si yako tena."

Stefano alilivika goti lake kofia, akaizungusha. "Basi niandike mengine. Mazuri. Nitatoa hizo tano zote."

Gwakisa alipata matumaini. Alifikiri kwamba kama mzaha umeingia mle ndani na kupewa uzito, basi na ukweli ukiingia utapewa uzito ule ule. Stefano aligusa nyota tano. Safari hii hakutamka maneno. Aliandika akifuta, akaandika tena, jasho likimtoka puani, kisha akamgeuzia Mwanaima kioo asome.

"Mama Mwanaima ni mtu mwema. Vyumba vyake ni visafi. Anawajali wageni kama ndugu."

Mwanaima alisoma. Akamrudishia kishikwambi.

"Umeniandikia kama tangazo la kifo," alisema.

"Nifanyeje sasa? Ndivyo wanavyoandika watu wa nyota tano."

Madereva wengine waliokuwa uani waliitwa. Walipanga foleni kimya kimya kama watu wanaopiga kura. Wengi hawakujua waandike nini. Mtu aliyezoea kumwita Mwanaima mchawi kwa miaka yote ataanzaje kumwita mwema? Wakanakili ya Stefano, neno kwa neno. Myao wa Tunduru alikwama kabisa, akamwomba mwenzake amwandikie. Wote walipomaliza, mmoja alijaribu kusema kwamba chai leo ni mbaya kuliko jana, lakini hakuna aliyecheka, naye akainamisha kichwa.

Kesho yake asubuhi kitone cha Nachingwea kilikuwa bado chekundu, na pembeni yake palikuwa na alama ya mshangao. Gwakisa aliifungua. Maoni yanayofanana yametumwa kwa muda mfupi kutoka kifaa kimoja. Yamezuiwa. Inawezekana msimamizi amewashinikiza wageni. Alisoma tena na tena, akitafuta kitufe cha kujibu. Palikuwa na kimoja tu: Nimeelewa.

Hakukibonyeza. Alichukua mkoba wake akaenda Ruangwa, kwa sababu alisikia Mzee Rashidy amefika.

Mzee Rashidy alikuwa mzaliwa wa Chunyu, hapo hapo Ruangwa, Mmwera kama Mwanaima, aliyehamia Dar es Salaam. Alikuwa amekaa barazani pa nyumba yake mojawapo, kanzu safi, simu mbili mezani. Alimkaribisha Gwakisa chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Gwakisa alieleza vizuri. Alieleza kizingiti, kuku wawili, na uji ulionywewa. Akamalizia na Hajra na mtihani wake.

Kabla mzee hajajibu, fundi cherehani mmoja aliyekuwa kivulini ng'ambo ya barabara alipaza sauti: "Rashidy! Tumbo hilo umeshameza gesti ngapi?"

"Nimebakiza nafasi ya cherehani yako, mla mbwa we!" mzee alijibu, uso wote umechanua. Yule fundi alicheka akarudi kushona. Mzee alipomgeukia Gwakisa, uso ulikuwa umeshafunga tena.

"Yule mtani wangu," alisema. "Tangu utotoni. Akifa kabla yangu nitalala mlangoni kwake mpaka wanifukuze kwa maji. Kwa hiyo usinifundishe utani, kijana. Mimi ninajua, na Mwanaima ninamjua."

"Sasa, mzee..."

"Kuna shirika lilitaka vyumba vyote vya Nachingwea, semina ya wakulima wa ufuta. Wakafungua mtandao wakasoma kwamba msimamizi huroga wageni. Niliwapigia mwenyewe nikawaambia ni utani. Wakacheka. Wakasema wameelewa kabisa. Halafu wakaenda kupanga kwingine."

"Mpe muda, angalau mpaka mtoto amalize mtihani."

Mzee Rashidy alisukuma kikombe mbele, akakirudisha. "Nilisema mbele ya wote watatu. Nikimwacha huyu, hawa wawili wa hapa watasema nini? Watasema Mwanaima ni wa kwetu, ndiyo maana. Ulipokuja kuniuzia mfumo huu uliniambia maneno gani? Uliniambia utaondoa mambo ya kujuana."

Gwakisa alikumbuka. Alikuwa ameyasema akiwa amesimama, kwa furaha, mbele ya ukuta uliomulikwa picha za vituo.

"Leo unaniomba kwa kujuana," alisema mzee. Hakusema kwa kumsuta. Alionekana mtu aliyetamani kujibiwa vizuri, aone pa kutokea. Gwakisa alitafuta jibu hilo, akalitafuta kweli, mpaka chai ikaota utando juu. Ng'ambo ya barabara cherehani iliendelea kulia.

Mwanaima aliondoka mwishoni mwa mwezi, siku yenye mawingu mazito. Vitu vyake havikuwa vingi: godoro, masufuria, sanduku la bati, meza ndogo aliyosomea Hajra. Hajra alitoka na vitabu kifuani, amevaa sare ingawa haikuwa siku ya shule, kama anayeogopa kuivua. Wapishi walisimama ukutani.

Stefano aliegesha lori lake, akashusha mlango wa nyuma. Alikuwa ametoka Masasi tangu alfajiri ili apitie Naipingo kabla ya kugeuza kuelekea Songea. Alipakia kila kitu mwenyewe. Gwakisa alipotaka kumsaidia meza, alimwondoa kwa bega, polepole.

Mwanaima alisimama pale pale mlangoni, mikono kiunoni, akamsubiri. Kila mtu alielewa anasubiri nini. Huu nao ulikuwa msiba wa namna yake, na mtani alikuwepo.

"Haya," alisema. "Mwizi wa mbuzi umefika. Umekuja kuteka mara ya pili?"

Stefano alikuwa anafunga kamba. Aliivuta, akaifungua, akaifunga upya.

"Sema basi!" Mwanaima alipaza sauti. "Sema nimelala mchana! Sema godoro limetoka makaburini! Umemeza ulimi na panya?"

Stefano aligeuka. Uso wake mnene ulikuwa umelegea.

"Pole, Mama Hajra," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Wapishi walitazamana. Mwanaima alishusha mikono kutoka kiunoni, ikaning'inia tu.

"Nani amekufundisha adabu leo?" aliuliza, sauti imepungua.

"Maneno yangu ndiyo yanayokuhamisha. Nikiongeza mengine, sijui yatakwenda kukutoa wapi tena."

"Mtani hatoi mtu popote, we mjinga."

"Najua. Ndivyo tulivyozoea."

Mwanaima alilia, na safari hii hapakuwa na kitu cha kuchekesha cha kuchanganya na kile kilio. Alipanda mbele ya lori na Hajra akapanda baada yake. Gwakisa aliinua mkono. Lori lilipokwisha kutoka aligundua bado ameuinua.

Aliandika Dar usiku huo, barua ndefu. Alipendekeza kuwe na kitufe cha utani, kitakachomruhusu mgeni kusema kwamba huyu ni mtani wangu, msihesabu. Alichora hata alama yake. Felomena alimjibu kwamba ni wazo zuri sana, limemgusa, na kwamba ameliweka pamoja na mawazo mengine ya matoleo yajayo.

Mvua za kwanza zilianza. Siku ya mtihani wa kwanza Gwakisa alisimama karibu na lango la shule tangu mapema, bila sababu anayoweza kumweleza mtu. Bodaboda kutoka Naipingo ilifika imechelewa kidogo. Hajra alishuka, sketi imetapakaa tope mpaka magotini, kalamu zake zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alimwona Gwakisa, akampungia mkono, akakimbia ndani. Alikimbia vizuri, kwa nguvu. Gwakisa alilishika hilo, akaenda nalo kazini.

Msimamizi mpya aliitwa Hafidha. Alitoka Mtwara mjini, amesomea hoteli, mchapakazi, mpole kwa kila mtu. Hakuwa na kosa lolote. Madereva walimsalimu kwa adabu, wakala kimya, wakagusa nyota na kuondoka. Kitone cha Nachingwea kilipanda kutoka njano mpaka kijani, na Felomena alimpigia Gwakisa kumpongeza: vituo vyote vitatu vimefanikiwa, kampuni itatumia mfano wake mikoa mingine. Gwakisa alisema asante.

Asubuhi moja alikuwa kaunta akibadilisha waya wa chaji Stefano alipokuja na ufunguo.

"Habari za asubuhi, dada," Stefano alimwambia Hafidha.

"Nzuri, kaka. Umelala salama?"

"Salama. Asante sana."

"Karibu tena."

Stefano alisogelea kishikwambi, akagusa nyota ya tano, zote zikawaka. Kisha mfumo ukamuuliza, kama ulivyouliza wote: Ungependa kuongeza neno?

Kidole chake kilibaki hewani. Alitazama upande wa chumba cha nyuma, ambako sasa yalihifadhiwa mashuka ya akiba, akasikiliza kidogo kana kwamba kuna mtu angemjibu. Kisha akabonyeza Hapana, akavaa kofia, akatoka kwenda kuwasha lori.